Kwa Nini Choroko Iliyoota Imepinda Shingo

Sogeeni ndani, mlioko mlangoni mnatuzibia upepo. Na aliyeshika mwiko auweke chini. Habari hii ni ya jikoni, na jikoni ndiko inakoelezwa.

Hapo kale choroko ilikuwa na mambo mawili tu duniani: kupandwa au kuchemshwa. Ikipandwa, ilizama udongoni, ikaota huko mbali na macho ya watu, na kishina chake kikatoka ardhini kimenyooka kama sindano. Ikichemshwa, ilikaa motoni tangu jogoo wa alfajiri mpaka kuku wanaporudi bandani, na mzigo mzima wa kuni ukateketea chini yake. Jambo la tatu halikuwapo. Ikitokea choroko imeota ndani ya nyumba, pengine kwa paa linalovuja, wazee walisema ni mkosi. Walisema kinachoota hutaka kufukiwa, na nyumba yenye kitu cha kufukiwa leo, kesho itakuwa na mtu wa kufukiwa. Basi choroko hizo zilitupwa ng'ambo ya mto, sakafu ya jiko ikakandikwa upya, na mwenye nyumba akakatazwa kucheka siku tatu.

Wakati huo, katika kijiji cha Mwandoni, aliishi kijana mmoja jina lake Mwero. Hakuwa mwizi wala mlevi, na hakuna aliyewahi kumsikia akimtukana mtu. Alikuwa na kasoro moja tu: kila kazi aliifanya kwanza mdomoni, na ikishakwisha mdomoni aliona imekwisha. Alilima kwa mdomo, akaezeka nyumba kwa mdomo, na kwa mdomo huohuo alimwoa Mbeyu, binti wa Mzee Tsuma wa kijiji cha pili. Mbeyu alimpenda kwa sababu alimchekesha.

Mzee Tsuma hakuchekeshwa. Siku ya harusi alimvuta mkwewe pembeni, akamwambia taratibu, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia:

"Mwanangu, sikukupa binti yangu kwa kuwa nakupenda. Nimekupa kwa kuwa yeye anakupenda. Siku nitakayofika kwako nikaondoka na njaa, nitaondoka naye."

Mwero aliangua kicheko. Mwaka ule mvua zilikuwa nzuri na hata mbwa walishiba.

Mwaka wa tatu mvua zikakataa. Mchicha ukakauka, mnavu ukakauka, kisamvu kikapukutika kikabaki vijiti. Watu wakala makopa ya muhogo asubuhi na makopa jioni, miezi mitatu mfululizo, hata fizi zikavimba na wazee wakaanza kuwatazama mbuzi kwa husuda kila walipowaona wakitafuna jani. Katika nyumba ya Mwero kilibaki kikapu kimoja cha choroko, na Mbeyu alikitundika darini akawa analala akikitazama.

Ndipo ikaja habari kwamba dada yake Mbeyu, aliyeolewa mbali, amekaribia kujifungua. Mbeyu akafunga mzigo wake wa siku saba. Kabla ya kutoka alimkalisha mumewe kigodani.

"Nisikilize, Mwero. Siku ya tano baba atapita hapa akitoka kwenye kikao cha ukoo."

"Karibu sana baba."

"Sijamaliza. Atafika na njaa. Alfajiri ya siku hiyo teremsha kikapu, bandika choroko zote, uchochee moto mpaka jioni. Kuni ukate mapema, maana za karibu zimekwisha. Na usitumie kile chungu chenye ufa, ni cha majivu."

"Mke wangu," akasema Mwero, "kupika ni nini? Ni moto na subira. Moto upo, na subira nimezaliwa nayo."

Mbeyu alimtazama kitambo. Kisha akajitwika mzigo wake akaenda.

Mwero hakungoja hata vumbi la miguu yake litue. Alikwenda barazani kwenye bao, akasukuma kete zake, na huku akisukuma akawaza kuni. Kuni zilikuwa nyuma ya kilima cha tatu. Akawaza tena, na jibu likamjia zuri kiasi kwamba aliwatangazia wenzake wote.

"Wanawake wanajitesa bure," alisema. "Maji hulainisha hata jiwe la mtoni. Choroko nikiziloweka leo, siku ya tano zitakuwa laini zenyewe. Nitazipasha kwa kuni mbili tu, na mkwe ataramba vidole."

Wenzake wakamwambia mtu kama yeye anafaa kuwa jumbe. Alirudi nyumbani kifua mbele, akateremsha kikapu, akatafuta chungu. Kile kizima kilikuwa juu ya uchaga, na ngazi ilikuwa nje. Chenye ufa kilikuwa karibu na mguu wake. Mwero alikung'uta majivu, akakisuuza, akatia choroko, akajaza maji. Kuku walipoanza kuchungulia, alichukua kipande cha kaniki kuukuu akakifunika juu, akakisukuma chungu kwenye pembe yenye giza, akarudi kwenye bao.

Jioni alipita jikoni akakanyaga tope. Maji yote yalikuwa yametoka kwa ufa. "Chungu hiki kina ukaidi," alisema, akajaza tena. Asubuhi maji yalikuwa yametoka. Akajaza. Jioni yametoka. Akajaza. Hivyo ndivyo alivyoishi na chungu kile: asubuhi akienda barazani alikimwagia maji akiapa kwamba jioni atateremsha kile kizima, na jioni akirudi alikimwagia maji akiapa kwamba ni asubuhi. Hakuinua kaniki hata mara moja. Aliyamwaga maji juu ya kitambaa, akasikia yakilia chini, akatosheka.

Siku ya nne, mchana, makopa aliyoachiwa na mkewe yalikwisha. Mwero aliona afadhali aonje choroko zimelainika kiasi gani. Alikokota chungu mpaka penye mwanga wa dirisha, akainua kaniki.

"Mafunza!" alipiga ukelele.

Bi Dzame, mjane wa nyumba ya pili, ambaye masikio yake yalikuwa hayajapata kupitwa na neno, alijibu kutoka uani kwake: "Mafunza yapo wapi, mwanangu?"

"Miguuni, mama! Yamenishika kidole!"

"Nije na mwiba nikutoe?"

"Yameshatoka, mama! Yametoka yenyewe!"

Mwero akafunga mlango, akapiga magoti. Aliangalia tena. Hayakuwa mafunza. Kila choroko ilikuwa imepasua gamba lake la kijani na kutoa mkia mweupe, mrefu kama kucha ya bibi harusi, na mikia yote ilikuwa imesimama wima ikimtazama. Chungu kilichokuwa nusu sasa kilikuwa kimejaa hadi shingoni. Mwero alijua ni nini. Kila mtoto wa Mwandoni alijua. Choroko zimeota ndani ya nyumba, na si moja wala mbili, ni kikapu kizima.

Alikaa chini. Kwanza alifikiri kuzitupa ng'ambo ya mto, lakini Bi Dzame alikuwa amekaa uani akipepeta hewa kwenye ungo mtupu, macho yote mlangoni kwake. Tena, akizitupa, mkwe atakula nini? Alitoka akazunguka nyumba saba kuomba kibaba cha choroko. Nyumba sita zilimwambia hawana. Ya saba ilimwomba yeye.

Alirudi, na hapo alifanya jambo ambalo hakuwahi kumsimulia mtu mpaka alipozeeka. Alichukua choroko moja, akaushika mkia kwa vidole viwili, akajaribu kuurudisha ndani ya gamba. Ukakatika. Akachukua ya pili akaibembeleza: "Ingia, mama, ingia. Umetoka mapema, hakujapambazuka." Ikakatika. Alikaa mpaka jua likazama akirudisha mikia, na hakuna hata mmoja uliorudi. Mwishowe, kwa mazoea tu, alichukua kata akazimwagia maji ya jioni, akazifunika, akalala na njaa.

Siku ya tano Mzee Tsuma hakungoja jioni. Kikao cha ukoo kilikuwa kimevunjika kwa ugomvi, akaondoka mapema, na jua lilikuwa halijafika utosini aliposimama mlangoni na bakora yake, vumbi hadi magotini, macho yamezama kwa njaa.

"Hodi humu!"

Mwero alikuwa jikoni amekikumbatia chungu, hajui akipeleke wapi. Alisikia bakora ikigonga kizingiti. Hakukuwa na mahali pa kukificha. Alikitia kifuniko cha mbao juu ya kaniki, na mikia ilivyokuwa imejaa, kifuniko kikakataa kushuka. Basi akageuka, akakikalia.

"Karibu, baba!" aliita kutoka hapohapo. "Karibu ndani! Shikamoo!"

"Marahaba." Mzee aliingia, akasimama, akangoja. Mkwe wake hakuinuka. Mzee akakohoa. Mkwe wake alitabasamu, akainua makalio kidogo kwa heshima, akahisi kifuniko kinainuka pamoja naye, akakaa tena upesi.

"Huinuki kunipokea?" aliuliza Mzee Tsuma.

"Naumwa mguu, baba. Mafunza. Kigoda hicho hapo, tafadhali keti."

Mzee aliketi kwenye kigoda. Alikuwa chini, na mkwewe juu yake kama jogoo kwenye paa, jambo ambalo halikuwa limeonekana Mwandoni tangu watu wajue kukaa.

"Na wewe umekalia nini?"

"Ni kiti kipya, baba. Ndivyo wanavyokaa siku hizi."

Mzee Tsuma aligeuza macho. Aliuangalia moto: majivu baridi. Alitazama darini: kikapu hakipo. Akaweka bakora magotini na kungoja, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki na aliona afadhali mtu apewe nafasi mpaka mwisho. Mwero alizungumza. Alieleza ukame, akaeleza bao, akaeleza mbuzi wa jirani aliyezaa mapacha. Kila alipozungumza alikuwa anasikia chini yake kitu kikisukuma polepole, na kila kiliposukuma alijikaza akakikalia kwa nguvu zaidi. Jua lilipita utosini likaanza kuteremka. Tumbo la mzee liliunguruma, na la mkwewe likaitikia.

Bi Dzame hakuweza kuvumilia tena. Aliingia kwa kisingizio cha kumsalimu mgeni, akamwona Mwero juu ya chungu, akasema: "Mwanangu, hicho si kile cha majivu? Kina ufa hicho."

Na chungu, kana kwamba kilikuwa kikingoja kutajwa, kikapasuka.

Mwero aliangukia matako katikati ya vigae, na pande zote zake zikamwagika choroko, zikatapakaa mkekani mpaka miguuni kwa mkwewe. Lakini hazikuwa zile za jana. Kwa kukaliwa mchana kutwa zilikuwa zimeshindwa kurefuka, zikanenepa. Mikia imekuwa minono, myeupe, yenye majimaji, na kila moja ilikuwa imeinamisha kichwa, shingo imepinda kama mtu aliyepita mlango mfupi.

"Yarabi!" Bi Dzame alishika kichwa. "Zimeota! Zimeota ndani ya nyumba!" Akatoka mbio akipiga ukelele kuita kijiji.

Mzee Tsuma macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee. Aliona kitu cheupe chenye kijani. Aliinama, akaokota kimoja, akakinusa. Kilinuka ubichi, harufu ya bondeni baada ya mvua, ambayo pua yake ilikuwa imeisahau kwa miezi mitatu.

"Mboga," alisema polepole. "Umeipata wapi mboga, mwanangu?"

Mwero aliuona mlango umefunguka mbele yake. Uongo ulikuwa umeiva, ni kuudondosha tu: zimetoka kwa rafiki yangu wa bondeni, baba, kula. Mzee angekula, angeshiba, na Mbeyu angebaki. Mkosi kama upo ungemjia mzee njiani, mbali. Mwero alifungua mdomo, mdomo ambao haukuwahi kumwangusha, akamwona mzee amekwisha inua mkono kuelekea kinywani, mkono wenye vidole vilevile virefu alivyokuwa navyo Mbeyu.

"Usile, baba!" alisema. "Si mboga. Ni choroko zimeotea humu ndani. Mbeyu aliniambia nikate kuni, sikukata. Aliniambia nisitumie chungu hicho, nikakitumia. Nimezikalia ili usizione. Kosa si la binti yako, ni langu, na chakula sina. Ukiondoka naye, sitakuwa na neno." Ndiyo yalikuwa maneno ya kweli kuliko yote aliyowahi kusema, na alipoyamaliza machozi yalimtoka.

Akajipangusa kwa kiganja. Ndipo ikasikika sauti: kacha, kacha, kacha.

"Umechelewa," alisema Mzee Tsuma, mashavu yamejaa. "Hii ni konzi ya tatu."

Bi Dzame aliporudi na nusu ya kijiji nyuma yake, walimkuta mzee ameinamia mkeka akiokota. Hofu iliwashika. Wazee walishauriana, wakaamua kwamba kwa kuwa mkosi umekwisha ingia tumboni hakuna la kufanya ila kusubiri. Basi wakakaa kumsubiri afe. Walikuja na mikeka, wengine na watoto. Mmoja alikuwa na bidii ya kwenda kuchukua jembe. Kila mzee alipokohoa, wanawake walijitayarisha kulia. Kila alipotafuna, wanaume walitikisa vichwa.

Kivuli cha nyumba kilifika kwenye zizi, na Mzee Tsuma hakufa. Alicheua. Akauliza kama kuna chumvi.

Bi Dzame alisogea wa kwanza, akasema anataka tu kuhakikisha mzee hajiumizi. Akaonja moja. Akaonja tena ili ahakikishe. Kisha akafunga kaniki yake kiunoni, akaziosha zilizobaki mara mbili, akavunja nazi ya mwisho aliyoificha tangu ukame uanze, na akazibandika. Watu walikaa wakijiandaa kungoja sana, kama ilivyo kawaida ya choroko. Kabla mtu hajamaliza kuuliza zitaiva lini, zilikuwa zimeiva. Vijiti vitatu tu vya kuni vilitumika, na kimoja kilibaki nusu.

Mbeyu, ambaye alimpenda mumewe lakini hakuwa mjinga, alikuwa amekwisha muaga dada yake na mtoto mchanga siku mbili kabla ya wakati. Aliingia jioni ile akakuta kijiji kizima jikoni kwake, chungu kimekuwa vigae, na baba yake anakomba bakuli kwa kidole.

"Umekula, baba?" aliuliza kwa hofu.

"Nimekula." Mzee alisimama, akashika bakora, akamtazama mkwewe aliyekuwa bado amekaa juu ya vigae. "Wewe, binti yangu, baki hapa na huyu. Ni mvivu, lakini akibanwa husema kweli, na wengi hawafiki hata hapo. Nitapita tena mwezi ujao. Mwambie azikalie."

Usiku huo hakuna mwanamke wa Mwandoni aliyemwacha Mwero alale kabla hajaeleza alivyofanya. Naye, mdomo wake ulipopata wasikilizaji, ulipona.

"Unaloweka," alisema. "Kisha unazitia kwenye chungu kinachovuja."

"Kwa nini kivuje?"

"Hivyo ndivyo itakiwavyo. Unafunika kwa kitambaa. Unamwagia maji asubuhi na jioni, bila kufunua."

"Kwa nini asubuhi na jioni?"

Mwero alimwona mkewe akimtazama kwa jicho la pembeni. Alikohoa. "Choroko zina nyakati zake," alisema.

"Na unazikalia?" aliuliza Bi Dzame.

"Mimi nilizikalia. Lakini jiwe linafaa."

Kesho yake zile nyumba sita zilizosema hazina choroko zikakumbuka kwamba zimebakiwa nazo kidogo, na mwaka ule Mwandoni hakuna aliyekufa kwa fizi wala kwa njaa. Na tangu siku hiyo, mwenye kutaka mboga wakati wa kiangazi haendi shambani. Huloweka choroko zake, akazitia katika chombo chenye tundu, akazifunika zisione mwanga, akaweka kitu kizito juu, akazimwagia maji asubuhi na jioni, na siku ya nne au ya tano anakula. Ukiingia jikoni kwa mtu ukaona chungu kimefunikwa pembeni, usikifunue. Na ukimwona mwenyeji ameketi mahali pasipokaliwa, msalimu ukipita, usimwambie ainuke.

Na choroko, hata ile inayopandwa udongoni ikachomoza yenyewe, haitoki tena imenyooka kama zamani. Hutanguliza shingo, imepinda, kofia yake ya kijani imekaa upande. Wapo wanaosema hiyo ni adabu, kwamba inawainamia wakubwa. Msiwasikilize. Choroko haina adabu yoyote. Ilikaliwa.